Fremu ya Kumi

Alikuja Jumanne, baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri,
Bi Fruma Zaslavsky, miaka themanini na mmoja,
akavua glovu moja tu, akalibwaga furushi la michoro
juu ya meza yangu ya kukatia mbao, Mtaa wa Selkirk, Winnipeg,
akauliza: Wewe ndiye fundi wa pembe?

Ndimi. Nyuzi arobaini na tano, kushoto na kulia,
mbao mbili zikikutana bila kuacha upenyo wa wembe.
Sina kingine ninachokijua kwa hakika.

Michoro tisa. Duara na mistari. Hakuna mtu, hakuna jani,
ingawa yeye aliuita mti,
mizizi juu, matawi chini, kama popo alalavyo.
Duara kumi, njia ishirini na mbili,
njia moja kwa kila herufi ya kwao.
Nili iliyokolea, weupe wa maziwa yaliyochacha,
na wekundu mmoja, upande wa kushoto, uliokukodolea macho.

Akanitajia majina ya duara, kidole kikitetemeka,
na mimi niliyesomeshwa chuoni Tanga kwa bakora
nikasikia jirani akiongea nyuma ya ukuta:
Hokhma, akasema. Hekima, nikajibu.
Rahamim. Rehema.
Malkhut. Mamlaka.
Akanitazama juu ya miwani. Nani kakufundisha?
Bibi yangu, nikamwambia, akikaanga vitumbua.
Akasema: Keter. Hapo nikakwama.
Hapo, akasema, kila mtu hukwama.

Wiki ya pili alinieleza, chai ikipoa,
kwamba mwanzo palijaa. Yeye tu, pote,
hata pa kuchomeka sindano hapakuwepo.
Kabla ya kuumba chochote, Akajikunja.
Alitafuta neno la Kiingereza, akalitupa, akatafuta jingine.
Nikampa letu: kupisha.
Kana kwamba dunia, kabla haijawa dunia,
ilipita na mzigo kichwani ikilia simile, simile,
na Aliyejaa pote akasogea kando.
Aliliandika neno kiganjani kwa penseli yangu ya seremala.

Mchoro wa kumi haukuwa umechorwa.
Mkono, alisema, umeikataa bikari.
Tukatandaza turubai sakafuni baada ya kufunga duka,
nikashika msumari katikati, yeye akavuta uzi,
akazunguka kwa magoti, penseli mkononi,
akihema, akitukana kwa Kiyidi,
goti la kulia likilia kama bawaba.
Nje gari la kuzoa theluji lilipita, taa yake ya manjano
ikakata dari pembetatu, pembetatu, ikapotea.
Kwa dakika kumi na moja nilikuwa mwiba wa bikari ya mtu mwingine.
Sikuwaza lolote kubwa.
Niliwaza kidole gumba changu.

Mwanzo wa mstari na mwisho wake havikukutana:
palibaki upana wa ukucha.
Nami, fundi wa pembe, nikanyoosha mkono wenye kifutio.
Alinizaba kofi la kiganja, wala si la mzaha.

Mwezi mzima alipaka, nili juu ya nili, pande zote,
na katikati akaacha turubai kavu, rangi ya gunia,
na tundu la msumari wangu.
Nikamwambia naweza kuliziba, dakika mbili tu.
Hakujibu. Alikuwa anatafuta glovu yake.

Aprili, theluji ikigeuka tope, alikuja kubishania bei.
Mwaloni, futi ishirini na nne. Pembe nne. Gundi.
Na tundu, akauliza, limo kwenye hesabu?
Tundu ni langu, nikasema, silitozi.
Basi punguza, akasema, maana ninakubebea.

Nikapunguza dola tano.
Pembe ya chini, kushoto, ina upenyo wa wembe.
Hajauona. Au kauona.